Ng'ombe Hawakukukataa, Baba

Geita, karakana nyuma ya soko

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii imekukuta umekaa kivulini upande wa ghala, umeshakunywa uji wako, na redio bado ina betri. Mama naye apokee shikamoo yake hapo hapo alipo, maana najua amesimama nyuma yako anajifanya anapepeta karanga na masikio ameyaelekeza kwenye barua hii. Mimi ni mzima. Mafua ya vumbi yaliyonishika yameisha, nakula, nalala, na michembe ya viazi mliyonitumia nimeichemsha na kuimaliza kwa uchoyo bila kumwonjesha mtu. Je, kile kidonda chako cha nyuma kimefunga? Hilo anijibu mama, wewe usione haya.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Baba, wewe kwenye simu huzungumzi. Unasema "haya, nimekusikia," kisha unampa mama. Na jambo la safari hii nataka ulisome mwenyewe kwa miwani yako, polepole, urudie unapotaka kurudia na ukasirike unapotaka kukasirika. Barua nampa kondakta wa basi linalopita Tinde, na mdogo wangu Masanja ataipokea pale stendi.

Jambo lenyewe ni hili. Masanja amenipigia na kunieleza kwamba umewaita baba wadogo na shangazi waje pamba ikishavunwa, ugawe ng'ombe, na zizi umkabidhi yeye. Anasema ulimwambia, "Siwezi kuitwa mwenye ng'ombe na zizini siingii." Alipokuwa ananisimulia, sauti yake haikuwa ya mtu anayekabidhiwa mali. Ilikuwa ya mtu aliyebebeshwa gunia asilolitaka. Mwanao hataki, Baba, ila hathubutu kukwambia. Mimi nakwambia kwa sababu niko mbali na fimbo yako haifiki huku.

Nikamuuliza, kwani kile kiti cha magurudumu alicholetewa Baba na watu wa msaada kimefanya nini? Akanieleza yale ambayo hamkuwahi kunieleza. Kwamba siku kilipoletwa hukutaka hata kula kwanza, ulitaka uende kuwaona ng'ombe. Ulikuwa hujaingia zizini tangu mkokoteni wa pamba ukupindukie na miguu ikafa. Masanja akakusukuma. Mlipokaribia mlango wa zizi, fahali mwekundu akakoroma, wengine wakainua vichwa, wakageuka wote kwa pamoja, wakavunja ua upande wa mbugani na kutokomea. Ng'ombe uliowazalisha kwa mikono yako wakakukimbia, na majirani wapo wanatazama. Ulisema tu, "Wamenikataa," ukaomba urudishwe ndani. Tangu siku ile kiti kiko pembeni ya nyumba na kuku wanatagia.

Nililia, Baba, sikufichi. Halafu nikaacha kulia nikaanza kujiuliza. Unanijua, tangu nikiwa mdogo ulikuwa unasema mdomo wangu umeumbwa kwa ajili ya kuuliza. Niliuliza hivi: wamekataa nini hasa? Wewe, au kitu kingine?

Hapa nikueleze kwanza kazi yangu ya sasa, maana mara ya mwisho niliwaambia nashona sare za shule sokoni. Sare nimeziacha. Fundi mmoja anaitwa Mabula, Msukuma mwenzetu, alikuja kutafuta mtu wa kumshonea mito ya kukalia. Nilidhani ni mito ya makochi, nikamwambia nitatia na urembo. Akasema, "Dada, hii ni ya watu wasioweza kusimama. Ukiweka mshono mahali pabaya, mtu anapata kidonda na hana habari, maana hasikii maumivu." Nikaweka mkasi chini nikamsikiliza. Sasa nakata sponji ngumu na sponji laini, naziunganisha, nachimba kishimo pale mifupa inapokaa, navisha turubai lisilopitisha maji. Kila mto najaribu kuukalia mwenyewe kutwa nzima nikishona. Watu wa soko wanasema nimepata ukubwa, nakalia mto.

Mabula mwenyewe ni kichekesho. Tangu ujana wake ametengeneza makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na mkono wake haujui chuma chepesi. Siku moja rafiki yake aliyevunjika mgongo kwenye shimo la mgodi alimwomba amtengenezee kiti. Mabula akakichomelea kwa mabamba yale yale ya karasha, akakipiga nyundo kuonyesha hakitikisiki, akajisifu kwamba hata kikidondokewa na mwamba kitabaki. Wanaume wakasaidiana kukitoa nje wakitoka jasho. Rafiki yake alipokalia, kiti hakikusogea hata kidogo, labda kingesukumwa na trekta.

"Hiki hakitavunjika," Mabula akasema.

"Hakitavunjika kweli," akajibu mama mmoja aliyekuwa pale anangoja kutengenezewa mnyororo. "Kitavunjikia wapi na hakiendi popote?"

Huyo ndiye Mama Sayi, na nataka umjue vizuri. Miguu yake ilipooza utotoni. Anauza wali na samaki kwa wachimbaji, na anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu anayoiendesha kwa mikono. Mikono yake ukiiona utadhani ya mkulima wa jembe, na mdomo wake unashinda mikono. Alikuja kutengenezewa mnyororo, akabaki. Sasa hakuna kiti kinachotoka karakana kabla yeye hajakikalia na kukitukana. Mabula anamwogopa, na anamtafuta akikosekana.

Tangu nianze kazi hii nimekuwa naangalia vitu ambavyo zamani nilivipita tu. Ngazi ya benki. Kizingiti cha kanisa. Choo cha kuchuchumaa, ambacho mtu wa kiti hawezi kukitumia mpaka atengenezewe kigoda chenye tundu. Mke wa mwalimu mmoja alirudisha kiti kizuri kabisa, nikadhani ana kiburi. Nilipomfuata nyumbani nikamkuta amekaa chini anasonga ugali, na nikaelewa. Kiti kilikuwa kimempandisha juu mbali na mafiga. Alitaka kiti kifupi kama kigoda cha jikoni, chenye magurudumu. Mabula akakitengeneza, na sasa yule mama anapika na kuzunguka jiko lake lote.

Basi baada ya Masanja kunieleza habari ya zizi, nilimwambia Mama Sayi nataka Mabula amtengenezee baba yangu kiti cha kupita kwenye tope na mchanga. Nilikuwa nimeshafikiria gurudumu la mbele liwe moja, kubwa, na likae mbali kama la toroli, maana vile vigurudumu vidogo vya mbele vya kiti ulichopewa ni vya sakafu ya hospitali, kwenye udongo wetu vinazama. Nilijiona nina akili.

Mama Sayi akaniuliza, "Baba yako akishafika zizini anafanya nini?"

"Anaangalia ng'ombe," nikasema.

"Anaangaliaje?"

Baba, nimekua nyumbani kwako na sijui unaangaliaje ng'ombe. Mimi nilikuwa jikoni na kisimani, zizini nilikuwa naingia kuzoa samadi tu, na wakati huo ng'ombe wameshatoka. Nakumbuka mgongo wako umeinama, mkono uko juu ya ng'ombe, na ulikuwa unazungumza kwa sauti ya chini. Unawaambia nini? Hilo nalo sijui.

Mama Sayi akasema, "Sasa unatengeneza kiti cha nini, kama hujui mtu anaenda kufanya nini?"

Tukaamua kwenda kwa ng'ombe wenyewe. Jirani yake Mama Sayi ana ng'ombe pembeni ya mji, mtu mzima mpole anaitwa Mzee Luhende. Tulimkuta jioni ng'ombe wanarudi. Tulikuwa na kiti cha kawaida cha chuma kinachong'aa, kinachofanana na chako. Mama Sayi akakalia, Mabula akamsukuma kuelekea mlangoni. Ng'ombe wa mbele akasimama, akatoa macho, akarudi nyuma na wenzake wote. Nikakuona wewe pale.

Mabula akasema ni mng'ao. Tukapaka kiti majivu na samadi mpaka kikawa rangi ya ua, na Mama Sayi akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Ng'ombe wakakataa. Nikasema labda ni mlio, maana gurudumu lilikuwa linalia. Tukatia grisi hadi kikawa kimya. Wakakataa. Mzee Luhende akawa anacheka peke yake, anasema hajawahi kuona watu wanabembeleza ng'ombe wake namna hii.

Mara Mabula akaingiza gurudumu kwenye shimo na Mama Sayi akakaribia kupinduka. Akawaka. "Niachie! Nitajisukuma mwenyewe, toka hapo nyuma yangu." Mabula akanuna, akaenda kukaa kwenye gogo. Mama Sayi akabaki peke yake katikati ya njia, anahema, ameshika magurudumu. Na Baba, wakaja. Yule wa mbele akanyoosha shingo, akamnusa magoti, akalamba mto wangu, nadhani kwa sababu ya chumvi ya jasho. Wengine wakampita huku na huku wakaingia zizini, kana kwamba ni kisiki kilichoota pale siku zote.

Nilijua nimeona jambo ila sikulielewa bado. Nikawaza labda wanamwogopa Mabula tu, maana ananuka moshi wa kuchomelea. Siku iliyofuata tukarudi, nikamwomba Mzee Luhende mwenyewe, ambaye ng'ombe wanamjua tangu ndama, anisukume mimi. Wakagoma. Ng'ombe wake mwenyewe wakamgomea, na kicheko kikamwisha. Halafu nikamwomba akalie yeye na ajisukume mwenyewe, sisi tukajificha nyuma ya nyumba. Wakaja wakamzunguka mpaka akawa anawafukuza usoni.

Sijui ng'ombe anafikiri nini, na hakuna atakayetuambia. Ninavyowaza mimi, mtu anayesukumwa ana vichwa viwili, kimoja juu ya kingine, na miguu yake iko mahali na mikono mahali pengine. Ng'ombe hajui amwangalie nani. Mzee Luhende anasema ng'ombe anataka kujua nani anakuja kwake, na akiona mmoja amekaa na mwingine anamleta, haelewi yupi ndiye anayekuja. Yeyote kati yetu aliyepatia, jambo moja nimeliona kwa macho yangu: aliyekimbiwa siku ile ni wewe na Masanja mkiwa kitu kimoja, kitu ambacho ng'ombe wako hawajawahi kukiona. Wewe peke yako hawakukuona. Hawakukukataa, Baba. Hawakupewa nafasi ya kukutambua.

Nilikaa kwenye kile kiti katikati ya ng'ombe wa watu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikaona videvu vyao. Sikujua kama ng'ombe wana ndevu kidogo pale chini. Niliona viwele vizuri, na kwato, na kupe walioko kwenye mikunjo ambayo mtu aliyesimama haioni mpaka ainame. Nikawaza, kumbe Baba alikuwa anainama kwa ajili ya haya.

Sasa Mabula anatengeneza kiti chako. Safari hii ametumia mabomba mepesi, nimemsimamia. Gurudumu la mbele ni moja na liko mbali. Matairi hayana upepo, yamekatwa kutoka kwenye mpira wa matairi ya zamani, hivyo miiba ya kule nyumbani ichome inavyotaka. Pembeni mwa kila gurudumu kuna pete ya bomba unayoishika kujisukuma, nimeizungushia mpira usikate mikono. Breki ni ya kukandamiza kwa kiganja, maana fahali akikuegemea sitaki akupeleke mpaka Kolandoto kinyumenyume. Mto nimeukata kwa vipimo alivyonipa mama, na nimekuwekea wa pili wa kubadilisha ule ukifuliwa. Udongo wa mbuga mvua ikinyesha hakuna kiti kitakachoushinda, nisikudanganye. Kwa hilo namwomba Masanja amwage changarawe kutoka mlangoni mwako hadi zizini kabla mvua hazijaanza. Mlango wa zizi nao aupanue kidogo, ng'ombe apite na wewe upo.

Ila kiti chenyewe cha kukalia hakijachomelewa. Kimefungwa kwa nati, kinapanda na kushuka, kwa sababu kuna swali ambalo mimi, Mabula na Mama Sayi tumebishana mpaka tukashindwa. Unataka kuona migongo ya ng'ombe au viwele vyao? Mabula anasema mwenye ng'ombe lazima awe juu aone kundi lote. Mama Sayi anasema aliye chini anaona ugonjwa mapema. Na ukimshika ng'ombe unaanzia upande gani, ili upande huo tuondoe bomba la kuegemeza mkono? Na unapowahesabu wakiingia, unakaa ndani ya zizi au nje? Haya anayajua mtu mmoja tu, na ndiye ameamua kukaa chumbani asikilize redio. Nisamehe kusema hivyo, ila ndivyo ninavyoona. Nijibu mwenyewe, si kwa mdomo wa Masanja.

Kuna jambo moja najua mama hatalipenda, na hata Mabula alinigomea. Kiti hiki hakina vishikio vya nyuma. Mabula alisema, "Kiti gani hakina pa kusukumia? Wataniambia nimesahau." Mama atauliza, siku ya kanisa je, siku ya hospitali je, kwenye mlima je? Nimelifikiria. Vishikio vipo, tumevitengeneza, ila vinachomoka. Vinaingia kwenye mabomba mawili nyuma ya mgongo, na visipotumika vinakaa kwenye mfuko niliouambatisha chini ya mto wako, upande wa mkono wa kuume, na mfuko una kifungo. Mtu yeyote akitaka kukusukuma, awe mama, awe Masanja, awe mchungaji, itabidi akuombe wewe vishikio. Ukitaka utampa. Usipotaka, hutampa.

Nisalimie mama, na umwambie kitenge chake nimekishona nitakuja nacho. Nisalimie Masanja, asinikasirikie kwa kuyasema haya, na aanze kutafuta changarawe. Msalimie shangazi mkubwa, mwambie goti lake likizidi asione aibu kutumia mkongojo, nitamletea wenye mpira chini usioteleza. Mke wa Masanja na mtoto nimewakumbuka sana, na jirani yetu mwashi aliyejenga upya ule ua wa zizi mwambie wabeja, namshukuru sana. Mama Sayi hamjuani, lakini anakusalimu, na anasema viwele.

Nakuja na basi mwisho wa mwezi, kiti kikiwa juu ya keria. Wale wa ukoo uliowaita kwa ajili ya kugawana, usiwarudishe. Waache waje, mama atapika. Siku hiyo sitakufuata zizini, wala Masanja hatakufuata. Tutakaa jikoni sote na mlango tutaufunga. Vishikio utakuwa navyo wewe. Utakwenda mwenyewe, utakaa pale mlangoni wakirudi, na utakaporudi kwetu utawaambia baba wadogo na shangazi idadi ya ng'ombe wako, wote, kwa majina yao.

Ni mimi mwanao, mwenye maswali yasiyokwisha,
Minza